Je, Mtoto Alipwe ili Ale Mchicha?



Katika kikao kimoja cha walimu wa Shule ya Jumapili cha mtaa wetu lilizuka jambo ambalo mwanzoni lilionekana dogo, hata baadhi yetu tukacheka. Mama mmoja wa Umoja wa Mama, ambaye ni kati ya wale wanaowapikia watoto chakula cha mchana baada ya mafundisho, alieleza kuwa watoto wanakula ugali na maharage, lakini mchicha na majani ya kunde wanayasukuma kando ya sahani. Akashauri kwamba kila mtoto atakayemaliza sahani yake yote, pamoja na mboga, apewe pipi mbili. Mwalimu kijana akasema kuwa pipi zilikuwa za watoto wa zamani. Watoto wa siku hizi, hasa hawa wanaokaa karibu na machimbo, wanataka fedha. Afadhali wapewe shilingi mia mbili. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa amekaa kimya tangu sala ya kufungulia, akauliza, "Na Jumapili ambayo hatutakuwa na hizo mia mbili, mchicha utaliwa na nani?"

Hakuna aliyemjibu. Tulipiga kura, pipi zikashinda, na kwa Jumapili tano tukazigawa. Yaliyotokea tutayaeleza huko mbele. Kwanza tungependa kuwaalika ninyi wazazi, walezi na walimu tulitazame swali lenyewe pamoja, maana si swali la pipi tu. Ni swali la namna tunavyomfundisha mtoto kupenda lililo jema. Je, ni halali kumlipa mtu ili atende jambo ambalo ni la faida yake mwenyewe?

NCHI TUNAYOKAA

Hatuwezi kulijibu swali hili kama watu wasio na kwao. Sisi ni watu wa Shinyanga, Kahama na Geita, na nchi yetu inajulikana kwa vile vilivyomo chini ya udongo wake. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa wapo ndugu zetu wachimbaji wadogo, wenye maduara yao huko Nyarugusu, Mgusu na mahali pengine pengi. Hatuwalaumu. Wengi wamewasomesha watoto wao kwa jasho la kweli, na sadaka zao zimeezeka makanisa yetu.

Lakini twajua pia jinsi nchi ya dhahabu inavyomlea mtoto. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, wakiwemo wa Geita na Shinyanga: wanaobeba mawe, wanaoponda, wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Hatukuhitaji taarifa ile ili tujue, tumewaona. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba kila kazi ina bei yake siku hiyo hiyo. Akipata shilingi elfu moja hanunui mchicha. Ananunua soda na biskuti, na nani atamshangaa?

Nasi watu wazima tumemtangulia. Ni wangapi kati yetu tukiitwa kwenye semina ya afya, swali la kwanza huwa ni posho? Tumeona mikutano mizuri ikikosa watu kwa kuwa bahasha hazikuwepo. Mwana hutazama kisogo cha nina. Mtoto anayeuliza "nitapewa nini?" hakulizua swali hilo mwenyewe, amelisikia nyumbani.

Na juu ya hayo yote kuna jambo la kuhuzunisha. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano katika Tanzania Bara na Visiwani wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Mkoa wa Geita ulikuwa juu ya wastani huo. Hapa dhahabu inatoka ardhini kila siku, na juu ya ardhi hiyo hiyo mtoto hakui inavyompasa. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba tunapozungumza habari za mchicha tunazungumza mambo ya mchezo.

ZAWADI, TUZO, UJIRA NA HONGO

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, maana kina maneno manne kwa mambo ambayo mara nyingi tunayachanganya.

Zawadi hutolewa kwa upendo. Haina hesabu. Shangazi akija na mfuko wa maembe hatuulizi tumefanya nini hata tukayastahili.

Tuzo ni heshima apewayo mtu baada ya kutenda vema. Wazee wanasema mcheza kwao hutuzwa, na chanda chema huvikwa pete. Lakini angalieni: mcheza ngoma hakucheza kwa sababu ya tuzo. Alicheza kwa kuwa ngoma ilikuwa imemwingia, na watu wakaona wakafurahi. Kidole nacho kilikuwa chema kabla ya pete.

Ujira ni haki ya aliyefanya kazi. Usipoulipa unadhulumu. Bwana wetu alitoa mfano wa wale vibarua wa shamba la mizabibu, ambao walipatana na mwenye shamba dinari moja kwa siku (Mathayo 20). Ujira ukipatanwa ni deni.

Hongo ni kitu anachopewa mtu ili moyo wake ugeuke: afanye asilotaka kulifanya, au alifanye lile lililokuwa wajibu wake hata bila ya kupewa. Hongo ina tabia moja mbaya: mwaka huu ni kidogo, mwaka ujao huongezeka.

Sasa, pipi mbili kwa ajili ya mchicha ni lipi kati ya hayo manne? Si zawadi, kwa maana ina sharti. Tukiitaja kabla mtoto hajala, imekwisha kuacha kuwa tuzo. Basi imebaki kuwa ujira au hongo. Ikiwa ni ujira, tumemwambia mtoto kwamba kula ni kazi anayotufanyia sisi, nasi ni wadeni wake. Hapo ndipo swali la yule mzee linapochoma. Kibarua asiyelipwa huweka jembe chini.

WANAOSEMA KUWA TUZO HUSAIDIA

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Wenzetu wanaotetea jambo hili wana hoja, nasi yatupasa kuzisikiliza kwa haki.

Wanasema kwanza kwamba mtoto haoni mbali. Ukimwambia kuwa mboga za majani zitamlinda asipungukiwe damu, au kwamba viazi lishe vya rangi ya machungwa vitasaidia macho yake yaone vema usiku, anakusikia kama anavyosikia habari za nchi ya mbali. Leo anajua utamu na uchungu tu. Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kuwa torati ilikuwa kama mlezi anayemshika mtoto mkono mpaka wakati wake utimie. Kwa nini basi tuzo ndogo isiwe mlezi wa namna hiyo? Mharage nao huwekewa kijiti cha kupandia ungali mchanga.

Wanasema pili kwamba imeonekana kufaa. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule 40 za msingi huko Utah, Marekani, zenye watoto wapatao 8,000. Mtoto aliyekula tunda au mboga wakati wa chakula cha mchana alipewa kibali chenye thamani ya robo dola. Wala-mboga wakaongezeka maradufu. Miezi miwili baada ya malipo kukoma, hawakubaki wengi kama wakati wa malipo, lakini hawakurudi wote walikotoka. Na pale malipo yalipodumu wiki tano, mazoea yalibaki zaidi kuliko yalipodumu wiki tatu. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeonja kwa ajili ya robo dola, akaonja tena na tena, mwingine aligundua kuwa karoti si mbaya kama alivyodhani.

Hata hapa Shinyanga tunao mfano, ingawa ni wa watu wazima. Katika miaka ya 2013 hadi 2016, wagonjwa waliokuwa wameanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, nao walikuwa wanapungukiwa chakula nyumbani, walifuatwa katika kliniki tatu za mkoa huu. Wote walipata mashauri ya lishe. Baadhi yao waliongezewa chakula, yaani unga wa mahindi, maharage na karanga. Wengine waliongezewa shilingi 22,500 kwa mwezi, mradi wahudhurie kliniki. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa walioongezewa, ama chakula ama fedha, walishika dawa zao vizuri kuliko waliopewa mashauri matupu.

Tukiutazama mfano huu kwa makini tutaona jambo moja. Wale watu hawakuwa wakaidi. Walikuwa na njaa, na nauli ilikuwa shida. Fedha ile haikuununua utii wao. Iliondoa jiwe lililokuwa njiani. Kumlipa mtu ili atake jambo asilolitaka ni kitu kimoja, na kumwezesha mtu kutenda analolitaka ni kitu kingine kabisa.

WANAOONA HATARI

Sasa tuusikilize na upande wa pili.

Mwaka 1984 wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Leann Birch, walieleza walivyowapa watoto wadogo kinywaji cha maziwa yaliyochacha ambacho hawakukizoea. Baadhi ya watoto waliahidiwa malipo au kusifiwa wakikinywa. Wengine walipewa tu. Siku za kwanza wale walioahidiwa walikunywa. Lakini walipoulizwa baadaye kama wanakipenda, walikuwa wanakipenda kidogo kuliko mwanzo, na wale waliopewa bila ahadi hawakurudi nyuma. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtoto ana akili. Akiona analipwa ili anywe, anajiambia moyoni kuwa kitu hiki lazima kiwe kibaya, kama sivyo wasingenilipa. Hakuna mtu anayelipwa ili ale embe.

Na tazameni tulichokifanya sisi. Tulimlipa mtoto kwa pipi ili ale mchicha. Basi tulikuwa tunamfundisha nini? Kwamba mchicha ni mateso na pipi ni raha. Kwamba mboga ni njia ya kuifikia sukari. Tuliiketisha pipi katika kiti cha mbele, tukauketisha mchicha mlangoni. Kisha mtoto huyo akiwa mkubwa, mwenye fedha zake mfukoni, hana haja tena ya kupita mlangoni. Atakwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele.

Bwana wetu naye alisema habari hizi katika mahubiri yake mlimani. Aliwaonya wale wanaotoa sadaka, wanaosali na wanaofunga ili waonekane na watu, akasema kuwa wamekwisha kupata thawabu yao (Mathayo 6). Hakusema kwamba sala yao haikuwa na maneno mazuri. Walichokitaka wamekipata, na habari imekwisha. Ndivyo ilivyo kwa mtoto anayekula kwa ajili ya pipi: amepata pipi, na habari ya mchicha imekwisha.

Lakini katika sura hiyo hiyo Bwana hakuikataa thawabu yenyewe. Aliahidi kuwa Baba aonaye sirini atawajazi wampendao. Twaweza kujiuliza: je, huo nao si ujira? Sisi twaona kuwa kuna tofauti. Kuna thawabu iliyobandikwa juu ya tendo kama stempu juu ya barua, nayo yaweza kubanduliwa. Na kuna thawabu inayoota ndani ya tendo lenyewe, kama punje inavyotoka katika suke. Thawabu ya kusali ni kumjua Mungu zaidi. Thawabu ya kupalilia ni mavuno. Na thawabu ya kula vema ni mwili wenye nguvu za kucheza mpira, akili inayokaa macho darasani hadi saa nane, na furaha ya kula pamoja. Wajibu wetu si kumnyima mtoto thawabu. Wajibu wetu ni kumsaidia afike kwenye ile ya ndani, asikomee kwenye ile iliyobandikwa.

BINTI ALIYEKOSA PIPI

Sasa tueleze yaliyotokea katika zile Jumapili tano.

Jumapili ya kwanza mboga zote ziliisha, tukasifiana. Jumapili ya pili mama mmoja alipokuwa akifua nguo za Jumapili za mwanawe alikuta mchicha uliokauka mfukoni. Tulicheka, tukaweka mwalimu wa kuangalia mifuko. Hapo ingetupasa kujua kuwa tumepotea njia, maana tumeanza kuwa askari katika nyumba ya Mungu kwa sababu ya majani. Lakini tuliendelea.

Kulikuwa na binti wa umri wa miaka tisa hivi ambaye Jumapili zote tano hakupata pipi. Jina lake liliandikwa katika daftari, na mbele yake neno "hakumaliza," mara tano. Mwalimu wake alimwonya mbele ya wenzake kwamba anadharau chakula cha kanisa. Binti hakujibu neno. Jumapili ya tano mama mmoja wa jikoni alimfuata nyuma ya kanisa, akamkuta anafunga nusu ya ugali, maharage na mchicha katika karatasi ya daftari. Alimuuliza, naye akasema kuwa ni vya mdogo wake, ambaye ana homa na hakuweza kuja. Jumapili nyingine zile? Vilikuwa vya mdogo wake pia. Nyumbani kwao, miezi ile ya mwanzo wa mwaka ambapo akiba ya mavuno imepungua, hawakuwa wanapika mchana.

Ndugu zetu, tuliposikia habari ile hapakuwa na mtu wa kucheka. Mtoto pekee aliyekuwa ametenda tendo la Injili pale, aliyegawa chakula chake akiwa na njaa, ndiye tuliyemwandika kuwa mkosaji. Daftari letu lilijua kuhesabu sahani tupu. Halikujua kusoma moyo. Na kosa halikuwa la mwalimu wake peke yake. Lilikuwa letu sote tuliopiga kura.

Jambo hili lilitufundisha hatari ambayo hatukuifikiria kikaoni. Kila tuzo ina kipimo, na kila kipimo kina mtu kinayemwonea. Ukimtuza mtoto anayeleta tunda shuleni, unamtuza yule ambaye baba yake ana mpapai uani. Ukimtuza amalizaye sahani, humwoni yule mwenye wadogo nyumbani. Anayekosa tuzo mara nyingi si mkaidi. Ni maskini, na sasa umaskini wake umetangazwa mbele ya wenzake.

CHAKULA KWANZA

Kwa hiyo tumeona kuwa swali letu la kwanza lilikuwa la pili. Kabla ya kuuliza mtoto atapewa nini ili ale mboga, yatupasa kuuliza kama mboga ipo.

Nchi yetu si ngeni katika mambo haya. Baadhi yenu mnakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, wakati watu wazima walipokusanyika vijijini kuizunguka redio wakajifunza juu ya vyoo, maji na malaria. Na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, iliyofuata ukame mkali. Mnakumbuka pia mashamba ya shule yaliyotokana na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Yapo yaliyoendeshwa vibaya, na yapo yaliyogeuka kuwa shamba la mwalimu. Lakini mtoto aliyepanda kunde, akazimwagilia, akachuma majani yake mwenyewe, hakuhitaji kuhongwa ili ayaonje.

Kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima ilifutwa katika shule za serikali, nasi twashukuru, maana watoto wengi waliingia darasani. Lakini wazazi wengi walilielewa neno "bure" kuwa hata chakula si juu yao tena. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ulieleza wajibu wa wazazi, na mwongozo wa taifa wa chakula na lishe shuleni wa mwaka 2020 ukasisitiza kuwa wazazi na jamii washirikiane na shule kuwalisha watoto. Hata hivyo ziko shule ambako hadi leo watoto wengine wanakunywa uji na wengine wanautazama, kwa kuwa wazazi wao hawakupeleka debe la mahindi. Mzazi anayeweza kuchangia asichangie, akisema kuwa elimu ni bure, na akumbuke kuwa tumbo la mtoto halijui waraka. Na mzazi asiyeweza kabisa, huyo ni wa kubebwa na sisi wengine, kimya kimya, bila jina lake kusomwa.

Tunapokisoma kisa cha wale watu elfu tano katika Injili ya Yohana, sura ya sita, twaona utaratibu wa Bwana. Chakula kile chenyewe kilitokana na mtoto aliyekuwa na mikate mitano na samaki wawili. Yesu aliwalisha wote. Hakuuliza kwanza nani amehudhuria vema, wala nani ana nia safi. Siku ya pili yake, walipomfuata tena, ndipo aliposema nao waziwazi kuwa wanamtafuta kwa sababu ya mikate waliyoshiba. Alijua tangu mwanzo kwamba nia zao zimechanganyika, wala hakuwanyima. Alilisha kwanza, akafundisha baadaye. Sisi tulitaka kufundisha kwa kutumia njaa na pipi.

BASI TUFANYE NINI?

Hatusemi kwamba kila tuzo ni dhambi. Tungekuwa tunawadanganya, maana sisi wenyewe tulipewa picha za Biblia tulipokuwa watoto, na tungali tunazikumbuka kwa furaha. Baada ya kutafakari na kusali, haya ndiyo tunayowashauri wazazi na walimu, na ndiyo tuliyokubaliana kuyafuata katika mtaa wetu.

Kwanza, chakula cha mtoto kisiwe na sharti. Asile kwa sababu amejua mstari wa Biblia, wala asinyimwe kwa sababu amechelewa. Na anayetaka kubeba kwa ajili ya mdogo wake, afungiwe sehemu ya pili bila kuulizwa maswali mbele ya watu.

Pili, watu wazima tule pamoja na watoto, chakula kile kile. Tuligundua kwa aibu kuwa wakati watoto wakisukuma mchicha kando, sisi walimu tulikuwa chumba cha pili tukila wali na nyama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tangu tulipoanza kukaa nao chini kuzunguka sinia, wengi wameanza kunyosha mkono penye mboga. Si wote. Kuna kijana mmoja ambaye hadi leo majani ya kunde yamemshinda, nasi tumemwacha; anakula matembele.

Tatu, tuwe na subira. Wataalamu wa malezi wanatuambia kuwa mtoto yaweza kumpasa aonje chakula kigeni mara nane, kumi au zaidi kabla hajakizoea. Mama anayesema "mwanangu hapendi mboga" baada ya mara mbili amekata tamaa mapema mno. Danieli na wenzake waliomba wajaribiwe siku kumi.

Nne, ikiwa tuzo lazima itumike kumsaidia mtoto aanze, basi iwe ndogo, iwe ya muda unaojulikana, iwe kwa kuonja na si kwa kumaliza, nayo isiwe pipi wala fedha. Iwe heshima badala ya malipo. Kwetu sisi, kila Jumapili mtoto mmoja anapewa kazi ya kupiga kengele ya ibada, na zamu hiyo huwafikia wote, aliyemaliza na asiyemaliza.

Tano, watoto walime. Tumetenga tuta la mchicha na la viazi lishe upande wa kisima, na watoto wanalimwagilia kwa zamu. Mavuno ni machache. Lakini siku ya kwanza tulipopika mchicha wa tuta lile, watoto waligombea sufuria, na hakuna aliyeuliza atapewa nini.

Yule mzee aliyeuliza swali kikaoni hajapata kutukumbusha kwamba alikuwa sahihi. Tulipomwuliza angetushauri nini zaidi, alitutaka tusome mwisho wa sura ya tano ya Marko. Tukasoma. Pale Bwana alimfufua binti wa Yairo, umri wake miaka kumi na miwili, ambao ni umri wa watoto wetu wa darasa la sita. Watu wote walipokuwa wamestaajabu, hawajui la kusema, Yesu alikumbuka jambo ambalo hata baba na mama walikuwa wamelisahau: aliagiza binti apewe chakula. Hakutaja sharti lolote.

Bwana atupe moyo huo katika nyumba zetu, katika shule zetu na katika mtaa wetu. Amina.